Mrithi Tuliyempa Jina la Mama

Mdogo wangu alimnyima mama yetu urithi Jumapili moja baada ya misa, akampeleka kwenye nyumba ya watawa, kisha akaniuliza kama kuna chai kwenye chupa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Niliona kishale kikisogea juu ya neno, nikaona kidole kikibonyeza, nikaona picha ya msichana mwenye nywele nyekundu ikibadilika na kuvaa shela ya kitawa.

Msichana yule alikuwa binti wa mfalme ndani ya gemu ya kompyuta, mwenye miaka kumi na sita. Mama yetu mwenyewe tulikuwa tumemzika kabla ya mvua kuanza. Lakini jina alilobeba yule binti lilikuwa la mama, na tulimpa sisi wawili kwa makubaliano. Nitaeleza kwa mpangilio, maana baadaye mambo ya gemu na mambo ya nyumba yalichanganywa kwa makusudi, na aliyeyachanganya alijua vizuri mpaka ulipopita.

Tunaishi Katandala, hapa Sumbawanga mjini, kwenye nyumba aliyoijenga mama kwa biashara ya maharage na mahindi. Baba alifariki tukiwa wadogo. Aliacha shamba kijijini, na ukoo ulikwisha kusema tangu zamani kwamba shamba ni la mdogo wangu kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Sikuwahi kulalamika. Mimi mama alinipa chumba cha mbele niweke duka la steshenari: kompyuta, printa na mashine ya kutoa kopi. Mbele ndiko ninakofanyia kazi, nyuma ndiko ninakolala. Sina kwingine.

Gemu aliileta mdogo wangu kwenye flashi alipomaliza chuo, kabla hajapata kazi kwenye duka la pembejeo. Inahusu wafalme wa Ulaya ya zamani. Unaanza na mtawala mmoja, unamwoza, anazaa, anapigana, anazeeka, anakufa. Akifa, wewe unakuwa mrithi wake na safari inaendelea. Usipokuwa na mrithi wa damu yako, gemu imeisha, hata kama ulikuwa na ngome mia. Kwa hiyo vita si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kujua nani anakufuata.

Kompyuta ilikuwa moja na wachezaji wawili, tukaweka utaratibu wetu. Kila mmoja angecheza mtawala mmoja mpaka afe, kisha mwenzake angemchukua mrithi. Mwanzoni tuliona ni namna ya kuepuka ugomvi tu. Haikuchukua muda tukagundua uzito wake: mtoto ninayemlea mimi leo ndiye atakayechezwa na mdogo wangu kesho. Nikimlea vibaya, nikampa mwalimu mlevi, nikamwoza kwa familia ya maadui, namharibia mwenzangu. Unamlea mrithi wa mwenzako. Ndivyo tulivyocheza kwa muda mrefu, tukitoka kwenye ngome moja ya kisiwa chenye baridi kama ya kwetu mwezi wa saba, mpaka tukawa na ufalme.

Watoto wa kifalme tuliwapa majina ya ndugu zetu waliofariki. Kwetu jina la marehemu haliachwi likae bure. Atakayezaliwa baada ya msiba hulichukua. Tukayafufua majina ya babu na mashangazi, yakavaa taji na kupanda farasi. Mama alicheka sana alipomwona shangazi yake, aliyekuwa akipika pombe ya ulezi, akiwa malkia mwenye jeshi.

Jioni mama aliporudi sokoni alivuta stuli karibu na hita ya mkaa, sweta juu ya kitenge, ungo wa maharage mapajani. Alichambua huku akitutazama. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo tulimsomea kwa Kiswahili.

"Sasa huyo mzee wenu anafanya nini?"

"Anamwomba Baba Mtakatifu pesa za vita, mama," mdogo wangu alijibu.

"Anamwomba nani?"

"Baba Mtakatifu."

"Mnamkopa Papa? Nyie watoto, Jumapili mtasimama wapi kanisani?"

"Tutakaa nyuma kabisa, karibu na mlango."

"Mlango wenyewe utawakataa."

Kilichomkera kweli kilikuwa sheria ya mgawanyo. Kwa kawaida ya gemu ile, mtawala akifa ardhi yake inakatwa vipande, kila mtoto wa kiume anachukua chake, na wasichana hawapati kitu wakiwa na kaka. Mara mbili ufalme wetu ulivunjika hivyo, ndugu wakageukiana kwa mapanga.

"Ni kama kule kijijini," mama alisema. "Wanagawa, wanagawa, mwisho kila mtu ana matuta manne na kesi mbili." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Huyu msichana mkubwa, mwenye akili, mbona mnampita?"

"Sheria hairuhusu, mama," nikamwambia.

"Sheria iliwekwa na nani?"

Hapo ndipo alipouweka ungo chini na kusema maneno ambayo sasa yananitesa. Aliyasema kwa Kifipa. Alimtazama mdogo wangu, hakutazama kompyuta. Alisema: nyumba hii ya Katandala ni ya dada yako. Wewe una shamba la baba yako, usije ukamgusa. Nimemaliza.

Yeyote aliyemjua mama anaelewa maana ya kubadili lugha. Kiswahili kwake kilikuwa cha sokoni, cha wateja na cha utani. Mzaha wote wa Papa na malkia aliufanya kwa Kiswahili. Mambo ya nyumba, ya msiba, ya mahari, aliyasema kwa Kifipa, tena taratibu, na hakuyarudia. Mdogo wangu akamjibu kwa Kifipa pia: nimesikia, mama. Kisha umeme ukakatika, tukaanza kutafuta tochi. Hatukuwa na mtu mwingine chumbani.

Mama aliugua kifua majira ya kiangazi, akafa. Hapa sitasema mengi.

Baada ya arobaini mdogo wangu ndiye aliyeiwasha tena gemu. Zamu ilikuwa yangu. Mfalme wangu alikuwa mzee, mwanawe mkubwa ndiye mrithi, na mke wa yule mwana alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kike. Kompyuta ikauliza jina. Tukatazamana.

"Mpe," mdogo wangu alisema. "Ni wake."

Nikaandika jina la mama. Kisha nikafanya jambo ambalo mfalme mwenye busara asingelifanya. Heshima yote aliyoikusanya mzee yule kwa maisha yake mazima, pamoja na fadhila alizodai kwa mabwana wadogo, niliimwaga kwenye kubadili sheria. Mzaliwa wa kwanza arithi, awe wa kike au wa kiume, na ardhi isigawanywe. Mabwana walinuna, wawili wakaasi. Mzee alikufa akiwa hana rafiki ila sheria yake ilisimama. Zamu ikahamia kwa mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa baba wa yule binti. Angemlea, angekufa, kisha binti angekuwa mimi.

"Nilelee mama yangu vizuri," nilimwambia nikimpisha kiti.

"Dada bwana! Nitakulelea mpaka umshangae."

Na alimlea. Lazima niliseme hilo, kwa kuwa ni kweli. Alimtafutia mwalimu bora, akamwepusha na ndui, akamkatalia mchumba mzee aliyekuwa na utajiri mwingi. Nilipokuwa nahudumia wateja aliniita kutoka kwenye kiti, "Dada, amejifunza hesabu za serikali!" Watu waliokuja kutoa kopi za vyeti walidhani tuna mtoto shuleni.

Kisha yule malkia, mama wa binti, akazaa mtoto wa kiume. Alizaliwa mdhaifu, maandishi yenyewe yalisema hivyo. Mdogo wangu alimtazama kichanga yule kwenye kioo. Jumapili iliyofuata ndipo alipobonyeza ile amri ya utawa; mtawa harithi, kwa hiyo kichanga ndiye angefuata.

"Umefanya nini?"

"Nimempumzisha. Ameenda utawani, atasali."

"Tulikubaliana."

"Dada, sikiliza. Huyu akirithi, ataolewa. Akiolewa, watoto ni wa ukoo wa mume. Yeye akifa, sisi tumekwisha. Gemu inafungwa. Mimi nimeokoa ukoo."

"Kipo kitufe cha ndoa ambayo watoto wanabaki upande wa mama. Umekitumia mwenyewe kwa yule shangazi."

"Mwanaume gani wa maana atakubali ndoa hiyo?"

"Wapo kwenye orodha hapo. Fungua."

Hakufungua. "Ni gemu tu, dada. Usinikazie macho hivyo. Chai ipo au haipo?"

Chai ilikuwepo. Nilimmiminia. Nilichokiona pale nilikiona sawasawa, lakini nilikiweka mahali pasipo pake. Nilidhani nimemwona ndugu akivunja ahadi ya mchezo, kumbe nilikuwa nimemsikia mtu akifanyia mazoezi hoja yake.

Kikao cha ukoo cha mirathi ya mama kilikuwa kimeahirishwa kwa sababu ya kilimo. Kilipofika, kilifanyika pale pale sebuleni kwetu. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyekiongoza. Ni mtu mpole, mlezi wa jumuiya ya kanisani, anayezungumza kama anayetandika mkeka. Tulimwamkia shikamoo, akasali, akauliza kama kuna aliyesikia marehemu akiacha neno juu ya nyumba.

Nikasema nimesikia. Nikarudia maneno ya mama kama yalivyo, kwa Kifipa. Wazee wakaitikia kwa vichwa polepole. Ilikuwa sauti ya mama kabisa.

"Ulikuwa na nani?" baba mdogo aliuliza.

"Na mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeambiwa."

Wote wakamgeukia. Nilimtazama nikiwa sina wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ule utulivu niliokuwa nao.

"Baba mdogo," alisema, "siku hiyo tulikuwa tunacheza gemu. Mama alikuwa anatutania."

"Gemu gani tena?"

"Ya kompyuta. Ya wafalme. Mle kuna mambo ya mirathi, nani apewe ngome, nani anyimwe. Mama alikuwa anapenda kuchangia. Sasa dada ameyachukua maneno ya gemu ameyaleta kwenye kikao."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akauliza, "Kwa hiyo dada yako anadai ngome?" Wakacheka zaidi.

"Alisema kwa Kifipa," nikasema.

Kicheko kikakatika. Kila aliyekuwa mle ndani alijua hilo lina uzito gani. Baba mdogo akamtazama mdogo wangu. "Alisema kwa Kifipa?"

"Sikumbuki lugha, baba mdogo. Nilikuwa natazama gemu."

Baada ya hapo mazungumzo yalifuata njia niliyokwisha kuisikia. Huyu binti ni wa kuolewa. Akiolewa, nyumba inahamia kwa wakwe. Jina la marehemu litafutika Katandala. Kijana naye anataka kuoa, ataleta mke wapi? Baba mdogo aliyasema kwa huruma, akinipa na ofa: nyumba iwe ya mdogo wangu, mimi nibaki na steshenari yangu mpaka nitakapoolewa. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Yeye hakuwepo siku ile, na aliyekuwepo alikuwa ameshatoa ushahidi.

Walipoondoka nilimkuta mdogo wangu uani akiosha viatu vya gamboti.

"Ulisikia au hukusikia?"

Alisugua kiatu muda mrefu. "Nilisikia."

"Kwa Kifipa."

"Kwa Kifipa. Dada, mimi sikufukuzi. Chumba chako ni chako. Lakini wewe utaondoka siku moja, nyumba ibaki na mtu."

"Mimi si mtu?"

"Usinitegee maneno."

"Rudi kwa baba mdogo ukaseme ulichosema hapa."

"Mbele ya wazee wote wale? Nikawaambie nilidanganya?" Alikung'uta maji, akaviegemeza viatu ukutani, ncha juu. "Siwezi, dada. Niombe kingine."

Sikuomba kingine. Nilikwenda mahakama ya mwanzo, nikapinga kuteuliwa kwa baba mdogo, aliyependekezwa na kikao, kuwa msimamizi wa mirathi mpaka suala la nyumba lisikilizwe. Karani aliniuliza wosia uliandikwa wapi. Nikamwambia haukuandikwa, ulisemwa. Akaniuliza mashahidi ni nani.

Shauri litasikilizwa baada ya mavuno. Mdogo wangu bado anakula ninachopika, analeta unga, anakaa upande wa pili wa meza, tunazungumza habari za bei ya mbolea. Baba mdogo amemtaja mahakamani kuwa shahidi wake. Mimi nami nimemtaja kuwa shahidi wangu, kwa sababu sina mwingine. Atasimama mara moja tu na kuapa mara moja tu. Wiki iliyopita alipokea hati mbili za wito wa mahakama, moja kwa jina langu na moja kwa jina la baba mdogo, akazikunja pamoja na kuzitia kwenye mfuko wa shati. Sijamuuliza atasema lipi.