Nilisikia Kikohozi Getini, Nikanyamaza

(Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Jimbo la Kati. Jina lake tumelificha na hospitali yake hatuitaji, kama alivyoomba. – Mhariri)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, Mnyiramba, mjane mwenye watoto wawili. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa msaidizi wa wauguzi katika wodi ya watoto. Cheti sina, na Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu.

Kila kiangazi hospitali yetu hupokea madaktari wageni, watano au sita. Wengi ni Waingereza, mara nyingine Wahindi, na mwaka huu yuko hata Mswidi mmoja. Wanashuka gari moshi Manyoni, wanapanda lori mpaka kwetu, wanakaa miezi mitatu wakijifunza maradhi ya kuambukiza ya watoto kabla ya kupelekwa vituo vyao. Wamesoma sana, siwanyimi haki yao, ila surua wanaijua kwa ngozi nyeupe. Wanatafuta wekundu. Wekundu gani kwa mtoto wa Kinyiramba? Mimi ndiye niliyekuwa nawafunua watoto midomo na kuwaonyesha vidoa vyeupe ndani ya shavu, kabla vipele havijatoka. Watu wazima wenye miwani wanainama, wanaguna, wanaandika. Nilikuwa mwalimu wao, na hata mwendo wangu ulikuwa wa mwalimu.

Mwaka juzi akaja binti nitakayemwita Naomi, nesi mwenye cheti, kwao Manyoni. Nilimpokea kama mwanangu. Nilimfundisha yote, hata kumuuliza mama wa mgonjwa swali moja mara mbili, maana mara ya kwanza watu hujibu kwa woga. Basi yeye akayachukua maneno yangu akayasema kwa Kiingereza, na wageni wakageuza shingo zote upande wake. Akapewa kiti. Mimi nikawa wa kushika mtoto asirushe miguu. Siku moja wakapiga picha. Naomi amekaa katikati yao anacheka. Mimi nimeonekana mkono tu, umeshika beseni.

Wasomaji, nilichukia. Nilichukia anavyocheka, nilichukia viatu vyake vyeupe, nilichukia hata anavyonisalimu kwa heshima mbele yao, kana kwamba ananihurumia. Najua hakuna baya alilonitendea, na hilo lilinichoma zaidi.

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Shelui na binti yake wa miaka mitatu aliyeungua mguu kwa uji wa moto. Niliwakuta getini. Mtoto akaanza kukohoa, akakohoa mfululizo bila kuvuta pumzi mpaka macho yakamtoka, kisha akavuta hewa kwa ule mlio mrefu. Baada ya hapo akatulia, akaomba maji, akacheka. Kifaduro ndivyo kilivyo. Usipokikuta kwenye kikohozi chenyewe, utaapa mtoto ni mzima.

"Ni vumbi la lori tu, mama," yule mwanamke akaniambia haraka. Alijua kwamba wa kifaduro wanawekwa kibanda cha nje, peke yao, mbali na jiko na maji.

Ndani, Naomi alisimama na wageni wote nyuma yake. Akamuuliza yule mama, "Mtoto anakohoa?"

"Hapana, hakohoi."

Naomi akanigeukia. "Mama, wewe umewapokea. Umeona chochote?"

Nikamjibu, "Mimi? Mwalimu si wewe!"

Akaona haya mbele ya wageni, hakuuliza mara ya pili. Akaandika mtoto alazwe wodi kubwa. Nami moyoni nikasema, jioni ataumbuka. Hilo tu ndilo nililolitaka, aumbuke siku moja.

Na kweli jioni mtoto alikohoa mbele ya wote, wakamhamisha mbio. Lakini alikuwa ameshinda kutwa karibu na mama mwenye kichanga cha wiki sita. Siku ya tisa watoto watatu wakaanza kukohoa. Wawili wamepona. Wa tatu, kile kichanga, hakikutoa hata ule mlio. Kiliacha tu kupumua mikononi mwa mama yake, saa nne asubuhi, nami nimesimama pale na beseni langu.

Daktari Mkubwa aliuliza nani alimpokea mgonjwa. Naomi akasema, "Ni mimi." Hakunitaja. Wiki ijayo anarudishwa kwao, na cheti chake kitaangaliwa upya.

Juzi alikuja nyumbani kwangu. Alinisalimia shikamoo, akakaa chini kwenye ngozi ingawa nilimpa kigoda. "Mama, ulinifundisha kuuliza mara mbili," akasema. "Nimeua mtoto wa watu." Akalia mpaka akakosa sauti. Nilimshika kichwa nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu, ni kazi ya Mungu." Mimi nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Naogopa kufukuzwa, maana watoto wangu wanasoma kwa kazi hii. Lakini sitawadanganya kwamba ni woga peke yake. Daktari Mkubwa aliponiita akaniambia, "Mama, mafunzo ya wageni yanarudi kwako, tutakutafutia mkalimani," nilifurahi. Kichanga kina siku nne kaburini, nami nilifurahi.

Jumatatu madaktari watakaa mbele yangu, nami nimeshatengewa kiti. Somo la kwanza nililopangiwa ni kifaduro, jinsi ya kumtambua mtoto angali getini. Nishaurini, ndugu zangu. Nikishasimama, nianze kwa kusema nini?