Vidole vya Mama Yule

Siku mume wangu alipoitwa shujaa, alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Satellite akiwa na matope mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye ngazi za nje, akakataa kuingia.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Alikuwa akitoka Dagoretti, alikokuwa akichomelea geti la mtu, akakuta gari limesombwa na maji darajani na kukwama kwenye mawe. Watu walisimama ukingoni wakilipiga picha kwa simu. Alijifunga kamba kiunoni, wanaume wakaishika, akaingia majini. Alimtoa msichana aliyekuwa akiendesha. Akarudi kumchukua mama ya msichana, aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma. Alimshika mkono. Gari likapinduka, na mama akaenda na maji.

Hayo niliyasikia kwa walioshika kamba, si kwake.

Jumapili mchungaji alimsimamisha mbele, kanisa zima likapiga makofi. Nilijivunia, sitasema uongo. Lakini yeye alitazama sakafu kama mtu anayesomewa mashtaka. Tangu hapo, mvua ikianza, hata mchana, huacha kazi popote alipo na kuja nyumbani. Huketi kitandani akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. Nikimuuliza kama vinauma, husema haviumi.

Kisha, miezi kadhaa baadaye, msichana yule akaja. Anafanya kazi ofisini mjini na kuishi Kileleshwa. Alikuwa amebeba mkate na maziwa, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Nikampikia chai, ila hakuigusa.

"Baba," alimwambia mume wangu, "sikuja kukusumbua. Nataka tu kujua. Mum alisema nini?"

Mume wangu alikunja vidole vya mkono wa kulia, akavikunjua.

"Aliniuliza kama umetoka."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia umetoka, uko juu na watu. Akaniangalia. Halafu akaachilia."

"Aliachilia?"

"Mimi nilikuwa nimemshika. Ni yeye alifungua vidole."

Msichana alijifunika uso kwa leso, akalia bila sauti. Alipotulia alisema, "Miezi hii yote nilidhani alikufa akiniita. Kumbe alijua niko salama." Akamgeukia mume wangu. "Watu wanasema wewe ndiwe uliniokoa. Ni wewe, lakini leo na yeye pia ameniokoa."

"Ni yeye," mume wangu alisema.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Njiani alitembea wima kuliko alivyokuja. Niliporudi, mume wangu alikuwa hajatoka kwenye kiti.

"Umefanya vizuri kumwambia," nilisema.

"Sijui kama ndivyo ilivyokuwa."

Nikaketi.

"Siku nyingine namwona akifungua vidole vyake," alisema. "Siku nyingine naona ni vyangu vilivyochoka. Maji yalikuwa baridi, mkono ulikuwa umekufa ganzi. Alinitazama, hiyo nakumbuka. Aliuliza kuhusu mtoto, hiyo pia nakumbuka. Baada ya hapo sina hakika."

"Na leo ulipokuwa ukimwambia, uliona nini?"

"Leo nilimwona tu mtoto wake akiwa hapo mbele yangu."

Msichana bado hututembelea. Anamwita mume wangu baba, naye humwitikia. Sijawahi kumwambia yule mtoto niliyoyasikia siku ile, na sidhani kama nitamwambia.