Mpiga Picha za Majivu

Ngitili ya mtu, yaani malisho aliyoyahifadhi, ikiungua, mpiga picha hufika moshi ungali unafuka. Huvua kofia kama aingiaye msibani, halafu hulala kifudifudi majivuni na kukikodolea macho kisiki mpaka kisiki chenyewe kione haya. Mama Zipora, ambaye malisho yake ya kiangazi yaliteketea jana na mtamba wake mwenye mimba hajaonekana tangu hapo, alimfuata akimsema: "Wewe baba, msiba wetu kwako harusi!" Yeye akazidi kutambaa na kamera yake. Chini ya mgunga kulilala kitu cheusi, kikubwa kama ng'ombe. Mama Zipora akafumba macho, akingoja mlio wa kamera. Haukuja. Alipofumbua, kamera ilikuwa chini, na yule bwana amepiga magoti, anakipapasa kile kitu kwa mikono miwili. "Gogo, mama! Gogo tupu!" Mara ng'ombe akalia ng'ambo ya korongo, akatokeza, mzima na tumbo lake. "Ndiye huyo! Mpige picha basi, wangoja nini?" Akampiga, mikono ikimtetemeka. Picha iliposafishwa ilikuwa ukungu mtupu wenye pembe. Mama Zipora ameitundika sebuleni, na ole wake mgeni atakayecheka.