Mwezi Uliotangulia Kalenda

Kwa miaka minne niliandika programu za jiko. Kampuni yetu ilipikia wafanyakazi wa ujenzi waliolala kambini nje ya Doha, na kila jioni programu yangu ilichapisha lebo za vyombo: kambi ipi, chakula gani, sahani ngapi. Nikiwaeleza watu wa kwetu kazi yangu, walijibu, "Aa, kumbe uko hotelini." Nilichoka kuwasahihisha.

Kwa hiyo kampuni kubwa ya teknolojia ya Ulaya iliponiita kwenye usaili wa mwisho, kwa video, niliona Mungu amenikumbuka. Jina la kampuni ile peke yake lingewafunga midomo wajomba wote. Miezi mizima nilikuwa nikifanya mazoezi ya maswali yao kitandani, mtaa wa Al Mansoura, katika chumba cha watu wanne, wenzangu wakikaanga samaki hapo hapo. Niliitaka kazi ile mpaka nikajionea aibu.

Usaili uliangukia jioni ya tarehe ishirini na tisa Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani. Mimi Mkristo wa Machakos, hilo halikunishtua. Kalenda ya ukutani ilisema mfungo utaanza keshokutwa, na tarehe hiyo nilikuwa nimeigandisha ndani ya programu, kama vile mwezi nao hufuata ratiba kama Krismasi. Kabla ya jioni ya kuamkia siku hiyo, lebo za daku, chakula cha kabla ya alfajiri, zisingetoka hata uipigie magoti.

Saa moja na nusu mpishi mkuu, mzee wa Kiganda aliyenifundisha kula kwa wakati, akanipigia simu. Sikupokea. Akatuma ujumbe: mwezi umeonekana, kesho tunafunga, mashine inakataa daku. Wakati huo nilikuwa nikimweleza mama mmoja kwenye skrini namna ningejenga mfumo wa kuhudumia watu milioni kumi. Kubadilisha tarehe ile kungenichukua dakika tano. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikaendelea kueleza. Nilijua nilichokuwa nikifanya, na sina wa kumsingizia.

Nilimpigia saa tatu.

"Mzee, nisamehe. Nilikuwa kwa interview."

"Tuliandika kwa mkono, mwalimu," akasema. Wote jikoni waliniita mwalimu. "Lakini kambi moja tumeiruka. Ile ya mbali."

"Gari haliwezi kurudi?"

"Kurudi na nini? Chakula kimeisha, moto tumezima. Maji wanayo." Kisha akauliza, "Na interview? Umepita?"

Ningependelea anitukane.

Nilipita. Siku ya kuondoka alinifungia chapati za safarini, na habari ya kambi ile hakuigusa. Nilikopelekwa nilipewa sehemu ndogo ya ukurasa mmoja wa tovuti, niifanye ifunguke haraka zaidi. Nimefanya hivyo mpaka mgongo ukauma. Ikiharibika, wapo wengi wa kupigiwa simu kabla yangu, na katika mamilioni wanaoufungua ukurasa huo simjui hata mmoja. Sisemi ni kazi mbaya. Imenipa nyumba.

Watu wa kwetu hunipongeza hadi leo, wajomba wakiwa mbele. Huwa naitikia asante, kwa uchovu, kwa sababu nikipongezwa nawaona watu wa kambi ile, waliofunga siku ya kwanza kwa maji matupu, kisha wakapanda basi kwenda kubeba vyuma juani.