Nilisema Kiwanda Kinaumwa

Mimi kukaa kitako sijui. Mama alizoea kusema nilizaliwa na siafu miguuni, na nilipokwenda Minnesota kusoma, siafu hao hawakufa kwa baridi. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na masomo asubuhi, na mara tatu kwa wiki, mchana, nilipanda basi kutoka Minneapolis hadi Brooklyn Center kumwangalia mzee mmoja wa Kimarekani ambaye kisukari kilikuwa kimemmaliza macho. Nilimpikia, nikampima sukari, nikamsomea barua zake. Nilisoma huku nikizunguka chumba, naye kila mara aliniambia, "Binti, simama mahali pamoja. Sauti yako inanikimbia."

Mzee huyo alikuwa na duka la pikipiki kule Anoka, karibu na mto. Tangu ujana wake aliuza pikipiki za kampuni moja tu, ya Uingereza, zile zenye mngurumo mzito na zinazovuja oili hata zikiwa mpya. Alizipenda kwa namna iliyonikera. Kampuni yenyewe ilikuwa imeanguka na kuinuliwa mara kadhaa. Kila mara alisubiri, na kila mara ikaja barua kwamba mambo yametengemaa. Safari hii walimwahidi pikipiki za muundo mpya kabla ya kiangazi. Dukani alibaki fundi mmoja na wateja wa kuhesabu vidoleni. Bintiye, aliyefanya kazi katika hoteli moja Bloomington, alimsihi auze. Na mnunuzi alikuwepo: mfanyabiashara wa matairi aliyelitaka lile jengo, na aliyetaka jibu wiki ile ile ilipofika barua nyingine.

Barua ilifika Jumanne moja ya mwezi wa tatu, theluji imegeuka tope. Niliipitia kwa macho kabla ya kufungua mdomo, tabia ambayo mtu asiyeona hawezi kuikagua. Haikutoka kwa kampuni, ilitoka kwa mfilisi. Kiwanda kimefungwa, wafanyakazi wameachishwa, mashine zitapigwa mnada, oda zote zimefutwa.

"Wanasemaje?" mzee akauliza. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, hajala, na nyumbani tuko wawili tu.

Sasa hapa lazima nieleze nilikotoka. Kwetu, mtu mwenye akili zake hampi mwenzake msiba akiwa peke yake na tumbo tupu. Bibi yangu alipofariki nilikuwa shule ya bweni, mbali na nyumbani. Nikaambiwa bibi anaumwa, amezidiwa, njoo. Nilisafiri na machungwa ya mgonjwa mapajani. Nilipofika nilipewa maji, nikakalishwa katikati ya shangazi zangu wawili, ndipo nikaambiwa. Machungwa waliyala waliokuja kuhani. Sikumlaumu mtu. Ukiambiwa "amezidiwa" nawe uko mbali, moyo wenyewe unaanza kujiandaa; njiani unalia nusu, nyumbani unamalizia. Kumtwisha mtu kifo kizima kwa mkupuo mmoja, kwetu, ni ukatili.

Basi nikaketi, nikamwambia taratibu, "Mzee, kiwanda kinaumwa. Safari hii kimezidiwa."

Nilingoja uso wake ubadilike. Akacheka, akanywa kahawa yake. "Hicho kiwanda kinaumwa tangu sijaoa," akasema. "Kitaamka."

Hapo hapo ningesema. Nilikuwa na barua mkononi na Kiingereza cha kutosha. Badala yake nilimpa chakula chake, kisha nikampigia simu bintiye nikamwomba aje Alhamisi jioni, maana kuna barua ya kusomwa sote tukiwepo. Akauliza kama ni mbaya. Nikamjibu kwamba si mambo ya kuzungumza kwenye simu. Alikuwa kazini, wageni wamepanga foleni mbele yake, akasema sawa. Nikakata simu nikijiona mtu mwenye adabu zake.

Jioni nilimsimulia dada wa Kikenya niliyepanga naye chumba, aliyekuwa akihudumia wazee katika makao yao. Alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Wewe, hapa watu hawaambiwi mos mos, kidogo kidogo," akasema. "Hapa daktari anakuambia uko na kansa hata koti hujatoa. Mpigie huyo mzee sasa hivi."

Nikamjibu kwamba hayo ndiyo yaliyowafanya Wazungu wawe walivyo.

"Haya," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nilikasirika, kwa sababu methali hiyo ni ya kwetu na alinipiga nayo barabara. Jumatano sikutulia darasani. Nilitoka mara tatu kwenda kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Mara mbili niliinua mkono wa simu ya ukumbini, mara mbili nikaurudisha. Niliogopa. Nilimfikiria amesimama jikoni kwake, ameshika ukuta, na mimi niko mbali siwezi hata kumvutia kiti. Nikajiambia kesho si mbali.

Alhamisi nilifika mapema na kuku nimemnunua njiani. Nilishapanga kila kitu: ale kwanza, bintiye aketi kuliani kwake, mimi kushotoni. Nilimkuta amenyoa ndevu na kuvaa shati safi.

"Nimemalizana na yule wa matairi," akasema. "Jana. Nimemwambia siuzi. Kiwanda kikipona nitalihitaji duka lote."

Nikaweka mfuko wa kuku mezani. Nilimuuliza huyo mtu alijibu nini.

"Kwamba kuna jengo lingine mtaa ule ule, na angetia sahihi kabla ya jioni."

Bintiye alipofika, nilifanya vile vile nilivyopanga, kwa kuwa njia nyingine sikuijua. Mzee alikula. Tuliketi huku na huku. Nikasema barua ya juzi sikuisoma yote, nikaisoma sasa, toka tarehe hadi sahihi. Sikusimama hata mara moja. Bintiye alinyanyuka katikati kwenda kumpigia mtu wa matairi, akarudi akitikisa kichwa, kisha akakumbuka kwamba baba yake haoni, akasema, "Ameshachukua lile lingine, baba."

Mzee aliinyoosha barua juu ya goti lake kwa kiganja.

"Jumanne ilikuwa imeandikwa hivi hivi?" akaniuliza.

"Hivi hivi."

"Jumanne nilikuwa na mnunuzi," akasema. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angenifokea.

Nilijaribu kumweleza habari za bibi, za shangazi na za maji ya kunywa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nilikuwa na nia njema, akaomba chai.

Duka lilikaa bila mnunuzi mwaka huo na mwaka uliofuata. Kazi sikufukuzwa. Niliendelea kumpikia na kumpima sukari, naye aliendelea kunipa barua nimsomee kama zamani, na nilimsomea kila neno, hata matangazo ya mazulia. Bintiye ndiye aliyeniambia, akiona haya, kwamba kila Jumapili baba yake humkabidhi barua zote nilizomsomea wiki hiyo, amsomee upya.