Mjakazi wa Bwana, Kadutu

"Maman Gloire, haujasikia? Apolline iko nalalisha mulozi mu nyumba yake!"

Chantal alisema hivyo akiwa ameinamia beseni la nguo. Alishusha sauti, lakini si sana, maana alitaka na jirani wa chini wasikie. Mapendo, mama yake Gloire, alikuwa anamnyonyesha Gloire wake kizingitini. Alijua anayeitwa mchawi ni Koko Emérence, mjane mzee asiye na mtu, na alijua pia habari ilikotoka.

Mtoto wa Didier, yule mwenye pikipiki ya abiria pale Nyawera, alikufa kwa homa. Siku chache kabla, Koko Emérence alikuwa amempakata. Wazazi wakaenda kwenye chumba cha maombi cha Laurette. Laurette ni mmoja wa wale wanawake wanaojiita wajakazi wa Bwana: anafunga, anaota, halafu anataja jina. Akalitaja jina la bibi Emérence. Zamani ungekimbilia polisi. Tangu vita viingie mjini polisi hakuna, na vijana huamua wenyewe kwa tairi na petroli. Pale Kadutu kila mama ameshapita mahali palipoungua, akimfunika mtoto wake macho.

Maman Apolline anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Si mtu wa maneno mengi. Katika shirika lao, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaani, wanaposali nyumba kwa nyumba, yeye ndiye huanzisha nyimbo, basi. Siku jina lilipotajwa alipanda kwa bibi, akamfungia vitu vyake ndani ya kitenge, akamshusha hadi kwake mchana kweupe, watu wakitazama. Tangu hapo sambaza zake zinarudi nyumbani kama zilivyotoka. Zamu ya shirika kusali kwake ilipofika, alikuja Mapendo peke yake, tena kwa woga. Alikaa karibu na mlango, mtoto mgongoni, mbali na kiti cha bibi.

Hawajamaliza hata rozari, Didier akafika na wenzake, bidon ya petroli mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa amelewa; alikuwa amelia.

"Maman, mutoe. Na wewe hatuna shida."

"Didier, pole ya mutoto. Nililia kwako, unajua. Lakini huyu simutoi."

"Mujakazi wa Bwana alimuona!"

"Mujakazi wa Bwana?" Apolline alisimama katikati ya mlango, mikono bado inanuka samaki. "Neno hilo tunalisali kila kengele ya saa sita. Maria alisema, mimi ni mujakazi wa Bwana. Kisha alienda wapi? Alipanda milima kumusaidia mama muzee. Hakuenda kutaja jina ya mutu."

"Ona, anatufundisha katekisimu!" mmoja akacheka. "Tumuchome na Maria wake!"

Wengine hawakucheka. Didier aliitazama ile bidon kana kwamba kuna mtu aliyemshikisha kwa nguvu.

"Kesho asubuhi," akasema. "Tutakuja wote, na Laurette. Mukiwa wawili mu nyumba, mutaungua wawili."

Walipoteremka, Apolline akaketi sakafuni. Mapendo alimpa maji.

"Ninaogopa, mwanangu. Usizani siogopi. Ninamuambia Yesu, ninaogopa, na Yeye ananyamaza. Lakini nikimutoa huyu, nitamusali tena na kinywa gani?"

Nyuma ya pazia bibi akaita: "Apolline, uniache nitoke. Mimi niliishi ya kutosha."

"Nyamaza, Koko. Kunywa uji."

Kisha akamgeukia Mapendo, akamtazama Gloire mgongoni mwake. Mapendo alihisi pumzi za mwanawe shingoni. Yeye mwenyewe hakujua anaamini nini. Usiku wa jana Gloire alikohoa, na kitu cha kwanza Mapendo alichokifikiria ni mikono ya bibi.

"Niko na neno moja la kukuomba," Apolline akasema. "Ukikataa sitakukasirikia."

"Sema, Maman."

"Kesho maneno yangu haitatosha. Uje na Gloire. Umufungue mu mugongo mbele yao wote, umupatie Koko amupakate."