Maharage na Kengele ya Saa Tano

Nilitoka Mbeya na kompyuta yangu na majivuno yangu, na sijui kipi kilikuwa kizito zaidi. Chuo kimoja cha Iringa kiliniita nijaribu kuidanganya mitambo yao ya saa kabla wahuni hawajaniwahi. Siku hizi kengele na mashine za kusaini kwa kidole haziangalii saa ya ukutani. Zinaiuliza kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kazi yangu ni kuona kama zinamwamini kila anayejibu.

Asubuhi nilipita jikoni kutafuta chai. Mpishi mkuu, mama wa makamo, aliitikia "kamwene" yangu, salamu ya Kihehe, akanipa kikombe, akanieleza shida yake. Kila siku alifika kengele ya kanisa ya saa kumi na mbili ikilia, lakini mashine ya jikoni ilimwandikia kachelewa dakika arobaini. Aliyesaini pale ni yeye peke yake, maana wasaidizi wake walikuwa vibarua. Alishapata barua mbili za onyo. Ya tatu, ya kumwachisha kazi, ilikuwa mezani kwa mkuu wa chuo ikisubiri sahihi mchana uleule. Aliwahi kumwonyesha mkuu saa ya simu yake, akajibiwa kwamba simu ina mwenyewe wa kuichezea, mashine haina.

Nami, mtaalamu, nikampa pole.

"Mama, mashine haina sababu ya kudanganya."

Akakichukua kikombe, chai ikiwa nusu.

Ilipofika saa tano nikaanza. Kompyuta ya ofisini, ile inayoipa kengele saa, ilipouliza saa mtandaoni, niliwahi kuijibu kwamba ni saa saba. Ikakubali palepale, kama mgeni aliyeshuka stendi na kuuliza njia. Kengele ya chakula ikalia. Mkuu alikuwa amenipa kibali cha maandishi, ingawa hakujua nitaanza na kengele, lakini watu hawakuambiwa, na aliyepaswa kukumbuka kuwaambia, ukweli usemwe, ni mimi. Wanafunzi wana simu zenye saa, ila hakuna mwanafunzi anayebishana na kengele ya chakula. Walimiminika na sahani zao. Nikatimua mbio kuelekea jikoni.

Nilimkuta mama kasimama mbele ya sufuria, upawa mkononi, anakataa kupakua. Mkuu naye akafika, akafoka kwamba kengele imelia, ratiba ni ratiba, na kuchelewa huku sasa kumezidi. Mama akampakulia yeye wa kwanza. Mkuu akatafuna mara moja, taya zikasimama.

"Mabichi haya."

"Ndiyo, mkuu. Nimeyabandika saa tatu, na sasa ni saa tano. Nifuate maharage au kengele?"

Ikabidi niseme. Nilieleza mbele ya wanafunzi wote kwamba kengele imedanganywa, na aliyeidanganya ni mimi. Niliona aibu, si kwa sababu ya kengele, bali kwa yale niliyomwambia mama asubuhi. Sikuthubutu hata kumtazama. Nilirudisha saa mahali pake, kisha nikaanza kufuatilia kila mashine inamuuliza nani, kazi niliyokuwa nimeipanga kwa kesho yake. Ya jikoni haikuwa ikiiuliza ofisi kabisa. Ilikuwa ikiiuliza kompyuta kuukuu ya maktaba, iliyofunikwa magazeti, na saa yake ilikuwa mbele kwa dakika arobaini. Mama hakuwa amechelewa hata siku moja.

Mkuu aliichana barua ya tatu, akasema yameisha. Mama akasema hayajaisha: zile mbili ziliandikwa, basi na radhi iandikwe. Mkuu akanikabidhi kalamu mimi. Niliandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la mkaa, nikaweka tarehe, na kwa kuwa ugomvi wote ulikuwa wa saa, nikaona niweke na saa. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa simu.

"Acha hiyo," alisema mama.

Akafunua sufuria, akachota harage moja, akalibinya kwa vidole, likapondeka.

"Andika saa saba kamili."

Nikaandika, mkuu akasaini, tukala.